Mtoto Aliyeasiliwa Akiwa Mkubwa, Anadaiwa Shukrani?



Vijana wenzangu, kuna methali tunaipenda sana kwenye mambo ya malezi: samaki mkunje angali mbichi. Ndiyo maana wengi wakitaka kuasili mtoto wanataka kichanga. Wa miaka kumi au kumi na mbili? Aa, huyo ameshakauka, ana tabia zake, anamkumbuka mama yake, atakusumbua. Na akimpata wa kumchukua, tunamwambia neno moja tu: shukuru. Leo naomba tulitazame hilo "shukuru", maana naona tunalitamka haraka mno.

Tuchukue Kolombia. Kule kuasili kunasimamiwa na taasisi ya serikali ya ustawi wa familia, ICBF. Watoto wanaosubiri familia kutoka Marekani au Ulaya kwa kawaida ni wakubwa, au ndugu wawili watatu wasiotakiwa kutenganishwa, au wenye ulemavu. Wengi wao si yatima kwa maana tuliyoizoea. Wazazi wapo hai, ila ofisa anayeitwa mtetezi wa familia amechunguza na kutamka kwamba mtoto hawezi kurudi kwao. Na mtoto hatumwi kama kifurushi. Wazazi wapya wanafunga safari wenyewe, wanakutana naye, wanaishi naye hukohuko kwa wiki kadhaa, ndipo jaji anatoa hukumu.

Hebu fikiria mke na mume Wamarekani wametua Bogotá. Mji uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, yaani ukipanda ngazi kidogo tu unahema. Kihispania chao ni cha kusoma kwenye simu. Mbele yao yupo binti wa miaka kumi na moja na mdogo wake wa kiume. Hapo mgeni ni nani? Binti anajua ajiaco ni supu ya namna gani, anajua basi la kupanda, anajua kumjibu muuza arepa anayemtania. Watu wazima ndio wanaoelekezwa. Kwa wiki hizo chache mtoto ndiye mwenyeji, na mimi naona sheria ina busara kuwapitisha wazazi hapo. Halafu wote wanapanda ndege, mambo yanageuka, mgeni anakuwa yeye. Tofauti ni kwamba yeye hana tarehe ya kurudi.

Sasa tuje kwenye deni. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaiweka heshima kwa wazazi karibu na fadhila ya haki. Kwake si suala la hisia, ni kitu tunachodaiwa, kwa kuwa kwao tumepata uhai na malezi. Haya, tupige hesabu. Hawa wapya hawakumzaa. Kulea ndiyo kwanza kunaanza. Siku ile ya kwanza Bogotá, huyu binti anadaiwa nini, zaidi ya adabu ambayo kila mtu anamdai mwenzake? Nikitafuta sana, sioni kitu. Tena deni liko upande wa pili, maana wao ndio walioahidi, na ahadi ni deni. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi na shukrani ya mtoto itakuja pamoja na kulea, sahani kwa sahani, homa kwa homa, kama ilivyokuja yetu kwa mama zetu.

Kuna atakayesema: "Frateri, mbona sisi tumefanywa wana wa Mungu, na tunadaiwa kila kitu?" Pingamizi zuri. Paulo alipowaandikia Warumi habari hiyo, wao kuasili walikufahamu vizuri, lakini si kuasili vichanga. Nyumba kubwa za Roma ziliasili hasa watu wazima. Octavian alikuwa na miaka 18 wosia wa Julius Caesar ulipomfanya mwana, mwaka 44 KK. Mwaka 4 BK yeye mwenyewe, sasa akiitwa Augustus, akamwasili Tiberius, mwanamume wa zaidi ya miaka arobaini! Lengo lilikuwa kupata mrithi, jina la nyumba lisife. Mwana alichukuliwa kwa faida ya baba. Paulo analichukua neno hilohilo na kusema habari za Baba ambaye tayari anaye Mwana na hapungukiwi kitu. Huyo tunadaiwa kwake kila kitu kwa sababu ndiye pia aliyetuumba. Mzazi wa kuasili si muumba, wala si mkombozi. Akijiona mkombozi, mtoto atalazimika kuwa muujiza wake, na muujiza hauruhusiwi kununa, kulia usiku, wala kumtaka mama wa kwanza.

(Sisemi kwamba wanandoa waliokosa mtoto wanakosea kutamani. Katekisimu yenyewe inawataja, na kuasili watoto walioachwa inakuhesabu kuwa ukarimu. Lakini mtoto asifanywe dawa.)

Kwetu hapa mtoto akipelekwa kulelewa kwa shangazi Mwanza, hapotezi ukoo. Kwao anapajua, likizo anarudi. Yule binti, kisheria, ukoo wa kwanza umekatika. Anapoteza na lugha, na mtaa, na marafiki, labda na mlezi aliyemzoea. Kwa hiyo huyu tunayemwambia ashukuru naye amelipa, tena kwa vitu ambavyo wazazi wapya hawawezi kumrudishia.

Kuna kifungu kimoja cha sheria ya watoto ya Kolombia ya mwaka 2006 ninakipenda sana. Jina la ukoo linabadilika, mtoto anachukua la wazazi wapya. Lakini jina lake mwenyewe haliguswi, isipokuwa awe chini ya miaka mitatu, au akubali, au jaji aone sababu ya haki. Musa alipewa jina na binti Farao na akabaki nalo hadi mwisho. Danieli alibandikwa jina la Kibabeli, na kitabu chake bado tunakiita cha Danieli. Binti yetu ana miaka kumi na moja. Anaweza kukubali, anaweza kukataa, na akikataa, wale Wamarekani watajifunza kulitamka.