Neno nililolitamka stendi ya Makambako

NILIMPOKEA binti yangu stendi ya Makambako mwanzoni mwa Juni, shule zilipofungwa. Alikuwa ametoka Njombe na Koasta ya mchana, mwendo wa kilomita 60 hivi. Tangu Januari sikuwa nimemwona. Siku ya wazazi kutembelea shule alikwenda mama yake. Mimi nilikuwa Dar es Salaam kufuata mzigo wa dukani. Aliposhuka garini, kabla hata hajaniamkia, nikasema kwa sauti na kicheko: "Ee mwanangu, umekuwa bonge!" Mpiga debe aliyekuwa akishusha tranka lake akalidaka neno lile palepale: "Bonge, tranka lako hili hapa!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Yeye akasema, "Shikamoo baba," kisha akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Ndugu msomaji, huenda ukaona hili ni jambo dogo la kifamilia lisilostahili kujaza nafasi ya gazeti. Hata mimi niliona hivyo kwa wiki tatu nzima. Sasa nalileta mbele yenu kwa sababu wazazi wenzangu wengi wana vijana bweni, nasi huwapokea stendi kila muhula unapofungwa, na jambo la kwanza tunalolitazama ni mwili. Amekonda? Amenenepa? Swali langu ni hili: mzazi anapoutazama mwili wa mtoto wake na moyo ukamshtuka, hofu ile ni kwa ajili ya nani?

Nianze kwa kukiri lililokuwa nyuma ya kicheko changu. Wazo la kwanza halikuwa unene. Mzazi mwenye binti wa miaka 16 shuleni analijua wazo hilo bila kuambiwa. Kwa miaka mingi katika nchi hii binti aliyepata ujauzito alifukuzwa shule, na japokuwa Serikali iliruhusu mwaka 2021 warudi masomoni baada ya kujifungua, hofu haijatoka mioyoni mwetu kwa waraka. Nilimwona mwanangu amepanuka, nikadhani nilichodhani, kisha nikaifunika dhana hiyo kwa mzaha. Usiku ule mama yake alizungumza naye faraghani akarudi kuniambia hakuna chochote cha namna hiyo. Nikashusha pumzi, nikalala. Yeye, kama nilivyokuja kujua baadaye, hakulala.

Wanaosoma Suratul Hujurat wanajua kwamba aya ya 11 inakataza watu kudharauliana na kuitana majina ya kejeli, na aya inayofuata mara moja inakataza dhana. Nimezisoma aya hizo mara nyingi. Pale stendi nilizivunja zote mbili kwa sentensi moja ya maneno manne.

Bibi yake, mama mkwe wangu, ni Mbena wa huku huku. Yeye alipomwona mjukuu wake alipiga vigelegele. "Kamwene! Sasa ndiyo mtu," akasema, akamshika mashavu. Nilitaka kumsahihisha, lakini mke wangu alinitazama nikanyamaza. Mama huyu amezika watoto wawili, na kabla ya kuzikwa wote walikonda. Wilaya zetu hizi, kuanzia Makete hadi hapa barabarani kwenye malori, zilivunwa na UKIMWI kwa namna ambayo watu wa mikoa mingine hawaijui vizuri. Utafiti wa mwaka 2011 na 2012 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 14.8, na ule wa mwaka 2022 na 2023 ukaikuta na asilimia 12.7 kwa watu wazima, kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Bara. Kwa bibi, mwili uliojaa maana yake ni uhai. Kwa mke wangu, ambaye shangazi zake wawili wanaugua kisukari na mmoja amekatwa mguu, mwili uliojaa una maana nyingine. Wote wawili wanampenda mtoto yule yule, na kila mmoja anaogopa kwa kumbukumbu ya msiba wake.

Na tusidhani kwamba bibi ana hofu ya kale iliyopitwa na wakati. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Njombe, nchi ya mahindi, viazi, maziwa na maparachichi, nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa Tanzania wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Mambo haya mawili yanakaa nyumba moja. Wataalamu wanasema mtoto aliyedumaa utotoni huwa mwepesi zaidi kunenepa akikua.

Turudi kwa binti. Siku ya tatu baada ya kufika nyumbani alianza kufunga. Alisema analipa siku zake za Ramadhani, maana mwaka huu Ramadhani iliangukia katikati ya muhula. Nilifurahi mno. Nilimsifu mbele ya wadogo zake, na kwa wateja dukani nikajigamba kwamba watu wanasema bweni linaharibu watoto, mbona wangu amerudi na dini yake. Juni huku kwetu jua huzama mapema na baridi haikaushi koo, kwa hiyo sikuona taabu yoyote juu yake.

Mama yake ndiye aliyehesabu, kama mama wanavyohesabu mambo ambayo baba hawaambiwi. Deni la Ramadhani lilikuwa siku saba, naye alikuwa amefika kumi na tisa. Jioni alifuturu kwa maji na nusu chungwa akisema ameshiba. Daku alichukua sahani yake akaenda kula chumbani. Kumbe chakula kile kilikuwa kinaishia kwenye ndoo ya pumba za kuku. Tulikijua kisa chote asubuhi moja alipoanguka uani akiwa anafua. Hakuumia. Alikaa chini kwenye saruji, uso umekuwa kama jivu, na swali la kwanza aliloniuliza nilipomshika halikuwa juu ya maji wala hospitali. Aliniuliza: "Baba, nimepungua?"

Nilimwendea imamu wa msikiti wetu nikiwa na swali la kifikihi, nikitaka kuambiwa iwapo swaumu ya mtu anayetaka kupungua mwili inakubalika. Alinijibu kwa upole kwamba amali hulipwa kwa nia. Anayefunga kwa ajili ya Allah kisha mwili ukapata faida, faida hiyo haimdhuru, ama asiyekusudia ila kupungua huyo amekaa na njaa tu. Kisha akaniuliza, "Huyu binti nia hiyo ameipata wapi?" Sikumjibu. Akanikumbusha habari ya Abdallah bin Amri (r.a.), kijana aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha kwa ibada ya kweli kabisa, na bado Mtume (s.a.w.) alimzuia na kumweleza kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa mwili una haki hata mbele ya ibada ya mtu mwema, nilijiambia njiani, una haki gani mbele ya mzaha wa baba yake?

Tulimpeleka kupimwa. Muuguzi, mama mtu mzima, hakumwita jina lolote. Alichukua fomu ya afya aliyojaziwa Januari kabla ya kwenda shule: kilo 49. Wiki ya kwanza ya Juni mama yake alikuwa amempima kwenye mizani ya duka la dawa: kilo 58. Siku ile: kilo 53. Akapima urefu, sentimita 157, akatufungulia karatasi yenye mistari iliyopinda. Akatueleza kuwa kijana wa umri huo hapimwi kwa kipimo cha watu wazima, bali uzito na urefu wake hulinganishwa na umri na jinsia yake, na kwamba msichana katika miaka hii huongezeka mwili kwa maumbile yake, nyonga na mapaja, ndivyo Muumba alivyompanga. Hata kwenye zile kilo 58 alikuwa bado chini kidogo ya mstari wa uzito uliozidi. Kilo tisa kwa miezi mitano ni mwendo wa kasi, alisema, na mama ana haki ya kuangalia. Akagonga kalamu kwenye namba ya mwisho. "Hizi tano zilizoondoka ndani ya wiki tatu ndizo zinazonitisha mimi."

Kisha, kwa kuwa mizani ilikuwa pale, binti yangu akasema, "Baba naye apime." Nilipanda. Kilo 96, nami si mrefu. Muuguzi hakusema neno, aliandika tu.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mwanamume mwenye kitambi kama changu ameona unene kwa mtoto wa kike kabla ya kuuona kwenye kioo chake. Wanaume wa rika langu kitambi kwetu ni cheo. Kwa binti mwili ule ule tunaufanya mali ya umma, kila apitaye ana ruhusa ya kuutolea hukumu: shangazi, jirani, mpiga debe. Mmoja anasema umependeza, mwingine anasema umefutuka, na yeye anatakiwa atabasamu kwa wote.

Na sababu za zile kilo tisa? Hapa ndipo nilipopata aibu ya pili. Nilipomuuliza, safari hii tukiwa wawili, alinijibu bila kinyongo. "Baba, nilipokuwa hapa nilikuwa natembea kilomita nne kila siku kwenda na kurudi shule. Kule kutoka bweni hadi darasani ni hatua themanini." Chakula ni kile kile cha shule zetu nyingi: uji wa sukari, ugali wa sembe na maharage, makande, wali mara moja kwa wiki, na matunda kwa nadra, katika mji ambao parachichi zinapakiwa kwenda Ulaya. Jumamosi ni usafi na masomo ya ziada. Njombe iko juu, karibu mita 2,000, na usiku wa baridi baada ya prepu wasichana hukusanyika kitandani na kufungua matranka.

Ndani ya tranka la kwetu kulikuwa na nini? Tulilipakia mimi na mke wangu Januari: kilo tano za sukari, makopo mawili ya Blue Band, maziwa ya unga, biskuti katoni nzima. Nilikuwa nimejisifu kwamba mwanangu hatatamani cha mtu. "Nilikuwa nakula kwa sababu wenzangu walikuwa wanakula," alisema, "na kwa sababu nikifungua lile tranka lilikuwa linanukia nyumbani." Basi nilimnenepesha mwenyewe kwa mkono wangu kisha nikamcheka.

Sisemi mzazi afumbe macho. Anayenyamaza mpaka kisukari kije hajampenda mtoto wake zaidi ya anayemkejeli. Mke wangu alinionyesha namna nyingine bila hotuba: alibadili mapishi ya nyumba nzima, sembe ikawa dona, chai ya sukari ya jioni ikaondoka, na hakuna aliyeambiwa ni kwa ajili ya nani. Mimi ndiye niliyelalamika kuliko watoto.

Wasomaji wengi wanaikumbuka hadithi ya mbio za Mtume (s.a.w.) na Bi Aisha (r.a.), iliyopokewa na Abu Daud na Ahmad. Mara ya kwanza walikimbia, Bi Aisha akashinda. Muda ukapita, mwili wake ukaongezeka, wakiwa safarini wakashindana tena, naye akashindwa. Mtume akacheka na kusema ushindi ule umelipa ule wa kwanza. Tunaisimulia kama hadithi ya mapenzi ya ndoa, nayo ni hivyo. Mimi sasa naisikia kwa sikio jingine. Mwenye kutaja kwamba mwili wake uliongezeka ni Bi Aisha mwenyewe, miaka mingi baadaye, wala huoni jeraha ndani ya maneno yake. Aliyemshinda alikuwa anakimbia naye.

Siku kumi za mwisho za likizo tulitembea pamoja baada ya swala ya alfajiri, kutoka nyumbani hadi stesheni ya TAZARA na kurudi, na upepo wa Makambako mnaujua. Siku mbili za kwanza hatukuzungumza. Siku ya tatu nilimwomba radhi kwa lile neno la stendi. Alisema, "Yameisha baba," kwa haraka mno, nami sikuamini kwamba yameisha. Kila tulipofika kwenye reli yeye alikuwa mbele, anasimama kunisubiri nihemee.

Julai amerudi Njombe. Tranka lina karanga, sukari kilo moja na kamba ya kuruka aliyoinunua mwenyewe. Mama yake amezungumza na matroni, si kuhusu unene, ila kwamba siku akifunga aonekane akila daku. Kwenye simu alituambia anaendelea na Jumatatu. Nia yake siijui na sijamuuliza. Wiki hii nilifunga naye, yeye huko mimi huku; alikula daku nini sijui, mimi nilikula viazi viwili na chai isiyo na sukari.