Dereva Mlevi: Adhabu au Tiba?

Barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Uganda hupita katika mji wa Eldoret, na malori yapitayo humo usiku ni mengi. Dereva alewaye katika barabara kama hiyo hachezi na uhai wake peke yake. Sheria ya Trafiki ya Kenya humwekea faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote pamoja. Ni haki. Lakini adhabu hiyo humtenda nini?

Mwenye mali hulipa faini asubuhi, na jioni amerudi kilabuni. Asiye na mali huingia gerezani, na watoto wake ndio walalao na njaa. Wote wawili hutoka na kiu ile ile waliyoingia nayo. Labda ya maskini imezidi.

Wako wasemao kwamba ulevi wa kupindukia ni maradhi, na mgonjwa haadhibiwi. Hoja hiyo naikubali nusu. Aliyelewa hajui afanyalo. Lakini saa alipoliendesha gari lake kwenda kunywa, alikuwa na akili zake timamu, na aliweza kuliacha nyumbani. Hapo ndipo lilipo kosa lake. Kwa hiyo, palipomwagika damu, tiba pekee haitoshi. Mjane hatatulizwa kwa kuambiwa kwamba aliyemuua mumewe anatibiwa.

Je, dereva aliyekamatwa kabla hajamdhuru mtu, naye pombe imekwisha kumtawala? Huyu na anyang'anywe leseni, kisha atibiwe. Mahali papo: Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, papa hapa Eldoret, ina kitengo cha kuwatibu waliotekwa na pombe na dawa za kulevya. Tena uchunguzi uliofanywa mjini humu kwa wanywaji wenye virusi vya UKIMWI, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba vikao sita vya mashauri, vikiongozwa na watu wasio madaktari waliofunzwa kazi hiyo, vyaweza kupunguza unywaji. Sheria ya mwaka 1998 huruhusu mahakama kumpa mkosaji wa namna hii kazi ya kuhudumia jamii badala ya kifungo. Ila kufagia ua wa ofisi hakumwondolei mtu kiu.

Wala tiba si upole. Faini hulipwa kwa dakika moja. Tiba humtaka mtu aseme mbele ya wenzake, juma baada ya juma, yale aliyokuwa akiyaficha nyumbani. Wako ambao, wakipewa hiari, wangechagua faini. Mimi nisingewapa hiari hiyo.