Fardhi Kifaya Imemtosha Nani?

Ndugu zangu katika imani, tumezoea kusema kwamba udaktari ni fardhi kifaya: wakiutekeleza baadhi, dhima huwaondokea wengine. Nauliza: umetekelezwa kwa ajili ya nani?

Tuitazame Nhica do Rovuma, wilayani Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Aliyekatika mshipa mkubwa wa damu huweza kufa kwa dakika chache. Mji wa Pemba, makao makuu ya Cabo Delgado, uko mamia ya kilomita, na vita vilivyoanza mwaka 2017 vimezifanya njia kuwa za hatari. Bingwa aliyeko mjini hajamtosheleza majeruhi huyu.

Muhimbili ilianza kusomesha mabingwa wa tiba ya dharura mwaka 2010. Ni heri kubwa, lakini bingwa huchukua miaka. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa kozi ya msingi ya huduma ya dharura, ambayo husomwa kwa siku chache tu.

Wapo watakaosema mwanafunzi bado si daktari, asije akadhuru. Ni kweli, basi ajifunze mbele ya mwalimu na asivuke mpaka wake. Lakini kukandamiza jeraha linalovuja damu hakungoji shahada.

Naona utoshelevu upimwe pale alipolala majeruhi. Nafasi ya mafunzo ikitangazwa chuoni, tuiendee kama mwenye deni. Wallahu a'lam.