Rekodi ya Mwizi Ndiyo Nadhifu

Anwani ya intaneti ni tarakimu tu. Huwezi kuizungushia ua wala kuipanda mahindi. Ile ambayo simu yako inaonekana nayo huko nje, uwe Nairobi au Lodwar, huenda inaanza na 41, 105, 196 au 197. Ukiuliza ni ya nani, jibu halimo ndani ya simu wala juu ya mnara wa mtandao. Limo katika hifadhidata ya AFRINIC, shirika lenye makao yake Ebène, Mauritius, ambalo tangu 2005 ndilo msajili wa anwani hizi kwa Afrika nzima. Hifadhidata ikisema ni za kampuni fulani, dunia inakubali kuwa ni zake.

Hapo ndipo panaponitatiza. Shamba lipo hata faili yake ikipotea, na majirani wanajua nani alilima wapi. Ng'ombe ana alama. Anwani haina jirani wa kuitolea ushahidi. Sasa kama ni maandishi yanayoifanya iwe ya mtu, tunaposema maandishi hayo ni ya uongo, tunayalinganisha na nini?

Wenye kazi yao hawana muda wa maswali kama haya. Wao wanataka rekodi zipatane, na si kazi ndogo. Kila fungu la anwani lina rekodi yake. Rekodi hiyo inataja shirika, shirika lina watu wake wa kuwasiliana nao, na kuna rekodi nyingine inayosema nani anashika nenosiri la kubadilisha haya yote. Fungu dogo lazima likae ndani ya lile kubwa lilimotoka. Mafungu mawili yakiingiliana nusunusu, mtu amekosea mahali. Tena programu yenyewe hukataa kufuta rekodi ambayo nyingine inaitegemea. Ndiyo maana fundi aliyestaafu, hata aliyekufa, anaweza kubaki humo miaka na mikaka, jina na nambari ya simu, kwa sababu kumwondoa kungeacha fungu zima likining'inia. (Karani yeyote wa masjala zetu angeielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.)

Na uzembe una gharama. Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistan, ikijaribu kuifungia YouTube nchini mwake, iliitangazia dunia bila kukusudia kwamba yenyewe ndiyo njia ya kufikia YouTube. Kwa takriban saa mbili, watu wengi duniani hawakuipata. Mashine zinazoelekeza safari za data ziliamini zilichoambiwa. Ndivyo zilivyoundwa, kuaminiana, na ukitaka zitilie shaka jambo ni lazima uwe na daftari la kulinganishia.

Lakini hebu tutazame kilichotokea kwenye daftari lenyewe. Mwaka 2019 mtafiti Mmarekani, Ron Guilmette, akishirikiana na Jan Vermeulen, mwandishi wa MyBroadband ya Afrika Kusini, alifichua kwamba mamilioni ya anwani za Afrika yalikuwa yamehamishwa kimyakimya. Nyingi zilikuwa za zamani, zilizogawiwa kabla AFRINIC haijazaliwa, kwa kampuni na idara ambazo baadaye zilibadili majina, zikamezwa na nyingine, au zikafa bila kuacha mrithi anayejua kwamba amerithi tarakimu. Ukaguzi wa AFRINIC yenyewe, uliochapishwa 2021, ulihesabu zaidi ya anwani milioni 2.3 zilizochotwa kwenye ghala la shirika, na zaidi ya milioni 1.7 za zile za zamani ambazo rekodi zake zilichezewa. Mkono uliofanya mengi ya haya ulikuwa wa ndani.

Eti nani aibe tarakimu? Anwani za toleo la nne hazizidi bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Tangu hapo zina soko. Wakati wizi huu unafichuliwa, anwani moja ilikuwa ikiuzwa karibu dola 20. Piga hesabu mwenyewe.

Mimi kinachonishika si hizo pesa. Ni kwamba hifadhidata haikupiga kelele. Fungu lilitaja shirika, shirika likataja mtu, mtu alikuwa na barua pepe, na barua pepe ikiandikiwa inajibu. Kila kitu kilioana. Ukiziweka rekodi mbili mezani, ya mwenye haki na ya aliyeiba, utakuta ya mwenye haki ina simu isiyoita, jina la kampuni iliyofungwa zamani na fundi aliye kaburini. Ya mwizi ndiyo nadhifu. Mkaguzi anayetafuta makosa ya kutopatana angemsumbua mwenye mali na kumpita mwizi kwa salamu.

Kwa hivyo swali lile la kulinganisha na nini nalijibu hivi: na safari ya rekodi yenyewe. Ilianza kwa nani, ikabadilishwa siku gani, kwa idhini ya nani, kwa karatasi gani. Ukinionyesha hali ya leo tu, umenionyesha kidogo sana.

Sisi Wakenya tumelipitia jambo hili kwenye ardhi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha Nyali kando ya bahari. Kampuni ilikinunua, na hatimiliki ilikuwa nayo mkononi. Mahakama ikasema hatimiliki peke yake haitoshi, turudi hadi mgao wa kwanza, wa 1989. Kwa kuwa mgao ule haukufuata sheria, hakuna haki iliyoweza kupita kutoka kwake, hata kwa mnunuzi aliyekuja baadaye sana na pesa zake halali.

Wengi waliona uamuzi huo ni mkali, na nawaelewa. Mnunuzi alifanya nini kibaya? Alikwenda kwenye daftari la serikali, akaliuliza, likamjibu. Usipoliamini daftari, uamini nini? Kwenye anwani ni vilevile: aliyenunua fungu lililoibwa huenda amewakodishia wengine, nao wameweka humo seva ya zahanati au ya chuo. Ukimnyang'anya leo, anayekatika ni mgonjwa anayesubiri matokeo ya damu, wala hajawahi kuisikia Mauritius.

Hata hivyo sioni jinsi tutakavyomlinda kwa kuuacha uongo ukae. Mali iliyochotwa kwenye ghala la pamoja ilikuwa ya mtandao ambao haujajengwa, wa watu ambao bado hawajaomba. Hao hawana wakili. Mnunuzi ana mtu wa kumdai fidia, aliyemuuzia. Wao hawana wa kumdai.

Ninalolikataa ni haraka ya kusafisha. Kuna msajili ambaye akigundua wizi anaifuta rekodi bandia, anairudisha ya zamani, na kesho yake hifadhidata inang'aa kana kwamba hakukuwa na kitu. Mimi ningetaka iandikwe: fungu hili lina mgogoro, lilibadilishwa tarehe hii, tunachunguza. Rekodi mbili zisizopatana, zikikaa pamoja mbele ya macho ya watu, zinamwonya mnunuzi wa kesho. Ndiyo, mashine hazipendi hivyo. Zinataka jibu moja. Zipewe jibu moja la muda, na binadamu aonyeshwe yote mawili. Wasiwasi huohuo ninao juu ya Ardhisasa, iliyozinduliwa 2021: hatimiliki iliyoghushiwa ikiingizwa kwenye kompyuta inatoka na sura ileile ya ya halali, na harufu ya faili kuukuu, iliyokuwa ikimshtua karani mzoefu, haiingizwi.

Ukaguzi ule wa 2021 ulisema anwani zaidi ya milioni 1 zilikuwa zimerudishwa ghalani. Nyingine, zaidi ya milioni 1.3, zilikuwa bado zinachunguzwa. Siku zote hizo ziliendelea kubeba barua, video na malipo ya watu, na aliyetaka kujua ni za nani aliuliza hifadhidata, nayo ikamtajia jina.