Maji ya Kwetu, Samaki wa Nani?



Pasaka hii tunapanga kushuka kutoka Masama kwenda kuvua perege bwawa la Nyumba ya Mungu. Nauli tumeshachanga, ndoano zipo. Mwenzetu mmoja anataka tuazime kokoro. Kwamba limekatazwa anajua. "Frateri, maji yenyewe si yanatoka huku kwetu?"

Kweli, Kikafu inaingia Kikuletwa, na Kikuletwa bwawani. Nilikwama kidogo. Lakini Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kuwa hata mali uliyo nayo kihalali, matumizi yake uyaone kama ya wote. Kokoro linazoa hadi vifaranga. Mvuvi wa kule chini, asiye na migomba kama sisi, mwakani atavua nini?

Nimemwambia: kokoro likipanda gari, mimi sipandi. Hajajibu, na nauli yangu anayo yeye.