Idhini ya Kumfunga Panya

Katika vilima vya California, ambako mvua huja wakati wa baridi na kiangazi chote hupita kikavu, vimeota vichaka vigumu viitwavyo chaparali, na humo wataalamu wa wanyama huenda jioni kutega visanduku vya aluminiamu, ambavyo kilango chake hujifunga panya akanyagapo kibati cha ndani. Alfajiri hurudi, wakampima aliyenaswa, wakamtia kipini chenye nambari sikioni, kisha wakamwachia. Hutega tena, na kwa kuwalinganisha wenye alama na wasio nayo hukadiria jumla ya umma ule wa usiku. Hesabu hiyo sina ugomvi nayo. Nauliza tu: kiumbe asiye na hatia, aliyetoka kutafuta riziki yake, hufungwa kwa idhini ya nani?

Watasema elimu yatosha kuwa idhini, nao hawakosi ushahidi. Joseph Grinnell, aliyeiongoza makumbusho ya wanyama ya Berkeley tangu 1908 hadi alipofariki 1939, aliwaua wanyama wengi, na ngozi zao pamoja na madaftari yake ndizo zilizowajulisha waliomfuatia kwamba baadhi ya mamalia wadogo wa Yosemite wamehamia juu zaidi milimani. Faida hiyo siikanushi, ila faida ya mfungaji haijapata kuwa hoja mbele ya mfungwa.

Katika hadithi ya Mtume juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfunga, kosa, kama nionavyo, halikuwa kufunga peke yake, bali kufunga pasipo kulisha, wala kumwacha mnyama ajitafutie mwenyewe. Mwenye kufunga amejitwika riziki ya aliyemfunga. Ndiyo maana mtegaji mwenye insafu hutia nafaka na pamba sandukuni, kwa kuwa kiwiliwili kidogo hupoteza joto upesi, na baridi ya usiku mmoja yaweza kukiua. Tena huwahi kabla ya jua, maana bati likishapata moto huwa tanuri. Na panya yule ajengaye kwa vijiti rundo refu kupita mtoto wa miaka mitano, nyumba ikaaliwayo kizazi baada ya kizazi, yafaa aachiwe pale pale aliponaswa, kwani huenda ameacha wanyonyao.

Kwa hiyo asiyeweza kuamka alfajiri hana idhini ya kutega, hata akiwa na kibali cha serikali mkononi.