Ni Nani Aliyeiweka Hatari Pale?

Tangu Juni 2025, kila kinapozungumzwa kifo cha Albert Ojwang, methali moja haikosi mtu wa kuitaja: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wapo wanaoitaja kwa kumlilia, na wapo wanaoitaja kwa kumsuta. Ojwang alikuwa mwalimu wa miaka 31. Jumamosi ya tarehe 7 polisi walimkamata nyumbani kwao, Kaunti ya Homa Bay, kwa madai kwamba alihusika na maandishi ya mtandaoni yaliyomchafulia jina afisa mwandamizi wa polisi. Akasafirishwa hadi Nairobi, akatiwa seli, na kufikia Jumapili alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulikuta jeraha la kichwa, dalili za kukabwa shingo na majeraha mengine mwilini, mambo ambayo hayaelekei kuwa ya mtu aliyejiumiza mwenyewe. Maafisa wa polisi na watu wengine walishtakiwa kwa mauaji, wakakana. Hata baada ya hayo yote kujulikana, wasutaji hawakunyamaza: alijua anacheza na nani, aliyataka mwenyewe, huo si ujasiri bali ni ujuba.

Kuhusu maana ya ujasiri sina ugomvi na vitabu. Tangu Aristotle tumeelezwa kwamba jasiri husimama kati ya mwoga na mjuba; anaijua hofu, naye huikabili kwa ajili ya jambo linalostahili. Na iwe hivyo. Ila maelezo hayo yanamtazama tu mtu aliyesimama mbele ya hatari, yanampima kifua na akili, kisha yanaishia hapo. Hayaulizi hatari ilifikaje mahali pale, na kwa kutouliza huko yanawaachia wasutaji mwanya wa kupita.

Hoja ya "alijua" inaifikiria hatari kana kwamba ni upepo wa ziwani. Mvuvi wa Mbita au Muhuru anayeingiza mtumbwi majini wakati wingu limeshatanda, akizama, watu wa ufuoni watamlilia, na pia watauliza kama hakuliona wingu. Wana haki ya kuuliza. Upepo haufanyi shauri wala haushtakiki. Katika msiba wa namna hiyo mwenye uwezo wa kuchagua ni mvuvi peke yake. Polisi si upepo. Kutoka Homa Bay hadi ile seli, kila hatua ilipita mikononi mwa mtu aliyeweza kuamua vingine: aliyeamuru, aliyekamata, aliyeendesha gari, aliyempokea mahabusu, aliyeshika ufunguo. Sheria nayo haikuwa imenyamaza. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza, na Ibara ya 49 inampa aliyekamatwa haki ya kufikishwa mahakamani upesi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumfanya mtu mhalifu kwa sababu ya kashfa hakupatani na Katiba. Anayeona jina lake limechafuliwa ana mahakama ya madai, adai fidia kama raia mwingine yeyote. Basi mwalimu alijua nini hasa? Kama alijua kwamba watumishi wa sheria wanaweza kuivunja, ujuzi huo ni ushahidi juu yao, na msutaji anaugeuza uwe kosa la marehemu.

Tena hoja hii ina matokeo ambayo waisemao hawayafuati hadi mwisho. Ikiwa kujua kwamba fulani ni katili kunamwondolea aliyeumizwa haki ya kulalamika, basi kadiri ukatili unavyosifika ndivyo lawama inavyomhama mkatili. Anayeua mara ya kwanza ana hatia, kwa kuwa hakuna aliyetarajia. Anayeua mara ya kumi hana hatia hata chembe, maana nani asiyemjua? Sijasikia msutaji anayekubali hitimisho hilo likitamkwa waziwazi, ila kila anaposema "alijua" ndilo analolitumia.

Na wanaosuta hivyo hawatosheki hata mtu akijiokoa. Septemba 2018 mwandishi wa habari Barack Oduor alichukuliwa kwa gari kutoka Rongo, Kaunti ya Migori, pamoja na mwanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Rongo. Alipotambua hatari aliruka kutoka garini likiwa mwendoni, akaumia, akaokoka, akasimulia yaliyotokea. Mwanafunzi, aliyekuwa mjamzito, alipatikana ameuawa karibu na msitu wa Kodera, Homa Bay. Kwa anayeamini kwamba mwanamume hakimbii, kuruka kule ni aibu. Plato aliwahi kuandika mjadala ambamo jemadari Laches anadai kuwa jasiri ni yule asiyeondoka mahali pake vitani, naye Socrates akamkumbusha Waskithi, waliopigana huku wakirudi nyuma. Mtu huhitaji moyo kuruka kutoka kwenye gari linalokwenda kasi, na bila kuruka kule wachunguzi wangemkosa shahidi aliyekuwemo ndani. Kwa kipimo cha wasutaji anayesimama ni mjuba na anayeruka ni mwoga. Anayesalimika na lawama ni yule tu aliyenyamaza tangu mwanzo.

Zipo hoja za haki zaidi dhidi ya kuusifu ujasiri: kwamba jambazi naye huikabili hofu, na kwamba mwenye watoto ana wajibu wa kuwa hai. Zote mbili nazikubali, ila hakuna inayomwondolea lawama aliyeiweka hatari.

Nikijiuliza ujasiri wenyewe uko wapi, simulizi ya Luanda Magere inanijia, nami hupenda kukaa nayo. Wajaluo wanasimulia kwamba shujaa huyu wa Kano alikuwa na mwili wa jiwe, mikuki ya Wanandi ikigonga na kuanguka. Wanandi wakampa mke. Siku alipougua akamwambia achanje dawa kwenye kivuli chake, kivuli kikatoka damu, mke akatoroka na siri hiyo, na katika vita vilivyofuata mkuki ulilenga kivuli. Kwa kawaida inasimuliwa kama onyo juu ya wanawake, na hapo naona inapunjwa sana. Mtu asiyeweza kuchomwa ana ujasiri gani? Vita vyake vyote vya awali vilikuwa kazi tu, kama kupura mtama. Mara moja pekee Magere alijiweka mahali pa kuumia, nayo ni pale alipomkabidhi mtu mwingine kisu na kumwonyesha kivuli. Huenda basi ujasiri wake wote ulikuwa katika kuamini, si katika kupigana. Baba yake Ojwang alikwenda Nairobi na hatimiliki ya shamba, akitumaini itakubaliwa kuwa dhamana ya mwanawe. Naye aliamini kwamba upande wa pili wa meza kuna sheria.

Hata hivyo sijui tulitumie vipi neno shujaa kwa mwalimu huyu. Tukiita kuandika maoni ushujaa, tumekubali kwamba ni kazi ya wateule, ilhali Katiba imeifanya haki ya kila mtu, mwoga akiwemo. Huyo hasa ndiye aliyeihitaji iandikwe, maana jasiri angesema hata bila ibara. Tukimnyima jina hilo, tunafuta jambo ambalo wengi wetu hatukuthubutu. Na wanafunzi wake waambiwe nini? Kuwaambia wawe kama yeye ni kuwatuma kwenye hatari ambayo hakuna mwenye haki ya kuiweka, na kuwaambia wasiwe kama yeye ni kujiunga na waliosema alijua.